"Wataniibia stori" na maneno mengine yanayowafukuza waandishi wa Kigoma kwenye vikundi

Hapa Kigoma ukimwambia mtu anayeandika aje Jumamosi tukae Mwanga tusomeane kazi, jibu karibu kila mara ni "wataniibia stori". Sasa hili tuliweke sawa kwanza maana ndo linafukuza watu wengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yako tangu ulipoiandika, haisubiri uchapishe wala usajili, COSOTA, yani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unaenda kusajili ili uwe na ushahidi mzuri likitokea la kutokea, na ulinzi wenyewe unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kisicholindwa ni wazo. Yani stori ya binti katoroka ndoa kapanda meli ya Liemba kuelekea Mpulungu, Zambia, hata watu kumi wanaweza kuiandika, kila mtu akatoka na ya kwake na hamna mwizi hapo. Mwizi ni anayenakili maneno yako, na huyo ni rahisi kumbana kama kuna watu waliosoma rasimu yako mapema na tarehe wanaikumbuka.

Wengine wanadhani kukosoa ni kusahihisha herufi. Hapana bwana, hiyo ni kazi ya mwisho kabisa na ndo nyepesi. Kazi kubwa ya msomaji ni kukwambia alichoka wapi, alipotea wapi, na wapi hakukuamini. Chukulia mtu kaandika wavuvi wa Kibirizi wanatoka kuvua dagaa, mbalamwezi inawaka ziwa zima, maneno matamu kweli, halafu anasoma mtu aliyekulia mwaloni anacheka, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa, wanaufuata mwanga gizani, mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu na wavuvi wengi wanapumzika. Herufi zote ziko sawa hapo na kamusi haitakusaidia kitu, ila msomaji yeyote wa huku ziwani keshaacha kukuamini ukurasa wa kwanza.

Ndo maana hili la "anisomee mwalimu wa Kiswahili au mtu wa chuo" nalo sikubaliani nalo. Mwalimu aje, karibu sana, lakini na muuza samaki wa migebuka aje.

Halafu kuna wanaosema eti kukosoana ni mambo ya kizungu, sisi tunaandika kwa kipaji. Hii inanishangaza zaidi ikisemwa na mtu wa Ujiji! Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji hapo hapo, mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, vina, mizani (hesabu ya silabi), yote yamo. Na malenga toka zamani walikuwa wanajibizana magazetini, mmoja anatunga, mwingine anamjibu kwa bahari ile ile, yani aina ile ile ya shairi, na akikosea mizani anaambiwa mbele ya nchi nzima. Mpaka leo ukileta shairi la mizani 16 kila mstari kuna mtu atakuhesabia kwa vidole, nane, nane, akikuta saba lazima akwambie. Huo uzungu uko wapi?

"Nikikosolewa itabidi nibadilishe kila kitu." Hamna. Kazi ni yako. Ila angalia hivi, watu watatu wakikwama sehemu moja, hapo pana shida hata kama dawa wanazokupa hazifanani, na mara nyingi dawa zao zote tatu sio, utaitafuta mwenyewe. Mtu mmoja akikwama peke yake unaweza kumshukuru ukaendelea. Ndo maana vikundi vingi mwenye kazi anakaa kimya wakati inajadiliwa, maana akianza kujitetea watu wanageukia kumpoza roho.

Na "kali sana mkubwa, umetisha" sio maoni, hata ikiwa na nia nzuri. Mwambie mwenzako ni sentensi ipi na imekufanya nini, hata kama ni ya sifa.

La mwisho, kikundi kikubwa sio kikundi bora. Mkiwa thelathini kila mtu anadhani mwenzie atasoma, matokeo yake hasomi mtu. Watano sita wanatosha, mnatoa kopi stationari siku chache kabla, na asiyesoma za wenzake zamu yake inarukwa mpaka asome.