Ndege wa udongo mbichi

Ndege wangu hawazidi kidole gumba. Nawafinyanga kwa udongo wa mfinyanzi, nawaanika kivulini siku tatu, kisha nawaacha mahali ambapo mtu nisiyemjua atawakuta: juu ya ukuta mfupi, kwenye kona ya ngazi, mwishoni mwa benchi. Siwachomi. Wafinyanzi wenzangu huniuliza kwa nini, na jibu lake ndiyo kazi yenyewe.

Udongo uliokauka tu, ukipata maji, hurudi kuwa tope. Ukishachomwa kupita nyuzi 600 hivi za Selsiasi, maji yaliyofungamana na chembe zake huondoka na haulainiki tena; ndiyo maana vigae huchimbuliwa ardhini baada ya maelfu ya miaka. Sasa nina haki gani ya kuukalia ukuta wa watu muda wote huo? Ndege mbichi anangoja mvua tu. Mdomo hutangulia kwenda, mkia hufuata, mgongo unateleza kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Asubuhi limebaki doa, na jua likiwaka, vumbi.

Chaki nayo ina adabu hiyo. Kati ya 1980 na 1985 msanii Mmarekani Keith Haring alichora kwa chaki nyeupe katika stesheni za treni za chini ya ardhi za New York, juu ya karatasi nyeusi zilizoziba nafasi za matangazo yaliyopitwa na wakati. Tangazo jipya likija, mchoro umekwenda. Huko Sydney, Australia, alikuwapo Arthur Stace, aliyeamka kabla ya mapambazuko kuandika njiani neno moja tu la Kiingereza, lenye maana ya umilele. Alianza miaka ya 1930, na wapita njia hawakumjua mwandishi hadi 1956. Umilele kwa chaki! Nikimkumbuka huyo hufutika hamu yote ya kutia sahihi.

Maana jina huleta deni. Aliyeokota huanza kuwaza amshukuru nani, anunue wapi, amtaje vipi. Pasipo jina wanabaki yeye na ndege.

Mahali pa kuwaacha nachagua pale macho yanapopumzika, penye watu wanaongoja, si penye pilikapilika. Na chochote ninachoacha lazima kieleweke kwa kutupiwa jicho mara moja: hakina boksi lililofungwa, waya wala betri. Januari 2007 vibao vya taa vilivyotundikwa mjini Boston kutangaza katuni vilidhaniwa mabomu, na barabara na madaraja yakafungwa. Kumtia mgeni hofu ni kumkosea. Pambo la plastiki pia silitaki. Linabaki mtaroni baada ya sanaa kuondoka.

Mwanzoni nilikuwa najibanza pembeni nione nani ataokota. Siku moja mama mmoja alimnyanyua ndege, akatabasamu, kisha akaniona namtazama. Akamrudisha upesi kama aliyefumaniwa, akaenda zake. Ile furaha nilimnyang'anya mimi. Tangu hapo naweka huku natembea, sigeuki nyuma.

Mara moja tu nilipita tena, kwa sababu njia nyingine ilikuwa imefungwa. Ndege bado yupo ukutani, mkia umeshapukutika. Mbele ya mdomo wake mtu alikuwa amempangia mbegu tatu za nyasi.