Bambo Moja Halitoshi: Sumukuvu katika Mahindi Yanayovuka Mpaka

Machi 2021 malori ya mahindi yalikwama mpakani Namanga baada ya Kenya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (aflatoksini). Siku chache baadaye njia ilifunguliwa kwa masharti, mojawapo cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Wengi waliona ni ugomvi wa biashara tu. Mimi ninayepima mahindi kila siku nakitetea kiwango hicho, na ndicho cha Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki.

Kwa gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu 1 tu. Sumu hii haina harufu wala ladha, na ugali hata uive vipi haiondoki. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi kwa mahindi ya mashamba yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hujiweka kwenye hatari ya saratani ya ini. Na tangu mwanzo imesafiri na biashara: iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil.

Mpakani mkaguzi huchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye uwazi cha kutolea sampuli ya nafaka. Lakini kuvu hukaa mafungumafungu. Magunia tisa yanaweza kuwa safi, la kumi likawa limejaa sumu. Kwa hiyo lazima yachomwe magunia mengi, juu, kati na chini ya shehena, kisha sampuli zichanganywe na kusagwa ndipo zipimwe. Ukichoma lile la mlangoni pekee, cheti chako hakina maana.

Hata hivyo, kazi kubwa iko nyumbani kwa mkulima. Anika juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Chagua punje zilizooza uzitupe. Kukoboa hupunguza sumu, ila sehemu kubwa huhamia kwenye pumba. Punje mbovu na pumba zake msimpe ng'ombe: sumu hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo anayonyweshwa mtoto.