Kilomita chache hazithibitishi kuwa gari ni zima

"Fundi, lina kilomita 60,000 tu. Hapo kuna cha kukagua kweli?"

Anayeuliza hivyo huwa amekwisha kulinunua gari moyoni, anatafuta wa kumwitikia. Simwitikii. Nimelijibu swali hili hadi nimechoka, sasa naliandika ili atakayeuliza tena nimpe asome.

Namba iliyoko kwenye dashibodi, kama haijaguswa, inaeleza umbali ambao gari limetembea. Haielezi lilivyotembezwa, lilivyokaa siku ambazo halikutembea, wala oili ilimwagwa lini mara ya mwisho. Hata hivyo watu hulipa pesa ya ziada kwa ajili ya namba hiyo, kisha wanaona si lazima kufungua boneti.

Kuhusu kurudishwa kwa kilomita nitasema machache. Mita ya kidijitali inarudishwa, tena kwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na haichukui muda. Kwa hiyo linganisha namba na uchakavu: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, ubavu wa kiti cha dereva upande wa kuingilia. Kwenye magari mengi kilomita huhifadhiwa pia katika kompyuta nyingine za gari, na mashine ya uchunguzi inaweza kuzisoma huko. Tazama tairi pia: ubavuni kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la 2019 linalosemekana limetembea kilomita 15,000 lina kazi gani na tairi zote nne za 2023? Huenda kuna jibu zuri. Uliza ulisikie. Kisha vuta mkanda wa usalama hadi mwisho usome kibandiko cha tarehe. Mkanda uliotengenezwa baada ya gari umebadilishwa, na mara nyingi hubadilishwa kwa sababu ya ajali.

Kinachoniudhi hasa ni kilomita chache ambazo ni za kweli. Mwenye gari hasemi uongo, vitabu vipo, na bado gari limechakaa kuliko jingine lililotembea mara mbili yake.

Petroli ikiungua hutoa maji. Sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli ambayo haikuungua, hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Injini ikipata moto kamili kwa muda wa kutosha, unyevu huo unakauka na kutoka. Gari la safari fupi, la kupeleka mtoto shule na kurudi, huzimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha. Maji yanabaki, petroli inabaki, oili inapoteza nguvu na kuanza kuganda tope. Eksozi nayo inaoza kutokea ndani, kwa kuwa maji hayapati nafasi ya kukauka. Betri haijai. Kama ni gari la dizeli lenye kichujio cha masizi, hali ni mbaya zaidi: kichujio kile hujisafisha kwa joto, na joto halifiki, basi kinaziba. Kilomita 50,000 za namna hiyo nazihofia kuliko 150,000 za barabara kuu.

Halafu kuna gari lililokaa tu. Mpira unakauka hata usipotumika. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inaisha uwezo wa kuzuia kutu. Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini, ina ukomo wa aina mbili, kilomita na miaka, na kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Mwuzaji atakwambia haijafika kilomita za kubadilishwa, na atakuwa anasema kweli, huku miaka imepita zamani. Kwenye injini nyingi belti ikikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo ule unafuu wote wa bei umeshaondoka.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwuzaji ni oili ilibadilishwa lini na karatasi iko wapi. Mtu binafsi aliyelitunza gari lake hulijibu upesi na kwa fahari. Anayesita si lazima awe tapeli, lakini bei yake isiwe ya gari lililotunzwa.

Ukaguzi wenyewe, omba injini isiwashwe kabla hujafika. Ukifika ushike boneti kwanza. Ikiwa ya moto, na si ya jua, ahirisha hadi kesho, maana dalili nyingi huonekana wakati wa kuwasha gari likiwa baridi: mlio wa cheni, moshi wa buluu wa injini inayokula oili, starta inayosuasua. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto ni wa kulanti inayoungua. Mweusi kwenye gari la petroli ni petroli nyingi kupita kiasi inayoingia kwenye injini. Kifuniko cha radieta kifungue injini ikiwa baridi tu. Endesha, kata usukani hadi mwisho uzunguke taratibu, ukisikia tak-tak-tak sivijointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu, imekwisha. Kagua vichwa vya bolti za madigadi: rangi iliyobanduka ina maana spana imepita hapo, yaani madigadi iliwahi kufunguliwa. Mashine ya uchunguzi ikionyesha hakuna kosa lolote, lakini vipimo ambavyo kompyuta ya gari hujikagua yenyewe havijakamilika, mtu amefuta makosa hivi karibuni, au betri imechomolewa.

Kuna mahali ambapo hata mimi nabaki na shaka. Ukungu wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi inayovuja, na unaweza kuwa unyevu ule ule wa safari fupi. Kwa macho sitofautishi kila mara. Inabidi kupima kama kuna gesi ya moshi ndani ya kulanti, na hata kipimo hicho hakikamati ufa mdogo unaofunguka injini ikiwa moto sana. Giaboksi ya otomatiki ndiyo ngumu zaidi. Ikibadilisha gia vizuri leo, nimejua habari za leo tu. Na kama oili yake haijawahi kubadilishwa, mafundi tunabishana kama ibadilishwe au iachwe. Mimi huibadilisha, ila siweki ahadi.

Sasa bei. Usigombee bei kwa kulikashifu gari. Aliyeishi nalo miaka anaumia, anakaza. Pia usiulize bei ya mwisho kwenye simu kabla hujaliona, maana hapo huna hoja yoyote mkononi. Kabla ya kwenda, tafuta bei ya tairi, ya belti na ufundi wake, ya breki na ya shokapu kwa gari la aina hiyo. Ukishakagua, weka hesabu mezani, lakini igawe. Kitu kilichoharibika, kama sivijointi inayolia au kulanti inayovuja, omba kipunguzwe gharama yote. Kitu kinacholika kwa kawaida, kama tairi zilizobaki nusu, omba sehemu tu, kwa sababu utakuwa unaweka jipya ambalo yeye hakuliahidi. Mwuzaji anaiona haki hiyo, na mazungumzo yanaendelea. Akirudia kwamba kilomita ni chache, muulize risiti ya belti.

Namba ya chesesi ifanane kwenye bodi na kwenye hati, na jina la kwenye hati liwe la huyo aliyesimama mbele yako, au awe na idhini ya maandishi unayoweza kuithibitisha kwa mwenye gari. Visipolingana, usijadili punguzo lolote. Rudisha funguo, uondoke.