Mbwa mdogo akihema kwa shida, usikimbilie sindano

Wengi wanaoniletea mbwa wadogo wenye shida ya kupumua hapa Arusha hufika na jibu mkononi: "Daktari, ana mafua huyu, mchome tu sindano." Ikiwa ni Juni au Julai, baridi imeshuka na nusu ya mji inakohoa, jibu hilo linaonekana halina ubishi. Hata hivyo sichomi kabla sijajua natibu nini. Kukohoa, kukoroma na kutweta ni dalili, na kwa mbwa wa kilo tatu au nne dalili hizo zinaweza kuanzia puani, kooni, kwenye bomba la hewa, mapafuni, moyoni au hata kwenye damu. Dawa inayomfaa mmoja inaweza kumzidishia mwingine.

Jambo la kwanza ninalosikiliza, kabla sijamgusa mbwa, ni kama anahangaika anapovuta hewa au anapoitoa. Anayekoroma na kujivuta wakati wa kuingiza hewa, mara nyingi tatizo lake liko juu: puani, kooni au shingoni. Anayesukuma kwa tumbo wakati wa kuitoa, natazama kifuani.

Kundi linalojulikana zaidi ni la mbwa wenye uso bapa: Pug, Shih Tzu, Pekingese, French Bulldog. Binadamu amewachagua kizazi hadi kizazi mpaka fuvu likafupika, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Matundu ya pua ni membamba, na kaakaa laini ni refu kiasi cha kuziba mlango wa hewa. Wenye mbwa huniambia, "Anakoroma tu, ndivyo alivyo," na wengine humrekodi wakicheka. Inaniuma, kwa sababu mkoromo wa mbwa aliye macho ni jasho la kutafuta hewa. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kutweta. Kama njia ya hewa ni finyu, hapoi. Ndiyo maana mbwa aliyeishi Arusha bila shida kubwa anaweza kuzidiwa akihamia Moshi, hasa joto la Januari na Februari. Upasuaji wa kupanua pua na kufupisha kaakaa upo, na hufaa zaidi mbwa akiwa bado kijana, kabla koo halijachoka na kuanza kuporomoka.

Kundi la pili ndilo linalochanganya watu zaidi: Yorkshire Terrier, Pomeranian, Chihuahua, Maltese na Poodle mdogo. Bomba la hewa hushikiliwa wazi na pete za gegedu zenye umbo la herufi C, na uwazi wa pete hizo upande wa mgongoni hufunikwa na utando wa misuli. Kwa mbwa hawa gegedu hulegea, pete hulala, na utando huning'inia ndani. Madaktari hupanga hali hiyo kwa hatua 4: nafasi ya hewa imepungua kwa robo hivi, nusu, robo tatu, na ya mwisho bomba limekaribia kuziba kabisa. Kikohozi chake ni kikavu na kina mlio kama wa bata bukini. Huja akifurahi mgeni kubisha hodi, akinywa maji, au akivutwa kamba iliyofungwa shingoni. Moshi wa jiko la mkaa humchokoza vibaya sana, na mara kadhaa nimekuta kikapu cha mbwa kimewekwa jikoni karibu na jiko ili apate joto. Wengi wa mbwa hawa hupata nafuu kubwa kwa kupunguzwa uzito, kuvalishwa mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na kupewa dawa ya kutuliza kikohozi iliyopimwa na daktari.

Kisha kuna moyo. Mbwa wadogo wanapozeeka, vali (mlango wa damu) iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo hunenepa na kuacha kufunga sawasawa. Damu hurudi nyuma, chumba cha juu hutanuka, na mwishowe maji huvuja kwenye mapafu. Hapa ndipo sindano ya kubahatisha inapokuwa hatari. Dawa za jamii ya kotisoni, zile za kutuliza uvimbe, huweza kuufanya mwili ushike maji zaidi, na moyo uliochoka hauna pa kuyapeleka. Ukigeuza, dawa ya kupunguza maji akipewa mbwa ambaye shida yake ni bomba la hewa tu, humkausha makohozi na kikohozi kinazidi.

Mama mmoja wa Njiro aliniletea Pomeranian mzee aliyekuwa amechomwa sindano mahali pengine mara kwa mara. Kila mara anapata nafuu siku chache, kisha kikohozi kinarudi. "Daktari, mimi nataka kujua tu anaumwa nini," alisema. Nikamwambia, "Mama, pole. Hebu nionyeshe video kwanza." Kwenye simu yake mlio wa bata ulisikika waziwazi. Lakini nilipoweka stetoskopu upande wa kushoto, chini karibu na kiwiko, nikasikia pia mvumo wa vali inayovuja. Magonjwa mawili, na swali lilikuwa lipi linamkohoza. Picha ya eksirei ilionyesha mapafu safi. Moyo nikaulinganisha na urefu wa pingili za uti wa mgongo, kipimo ambacho kwa mbwa wengi kikizidi pingili 10.5 tunasema umetanuka. Wake ulikuwa ndani ya mpaka. Kwa hiyo tukatibu bomba la hewa, na moyo tukauweka chini ya uangalizi.

Eksirei nayo ina mitego yake. Sehemu ya bomba iliyo shingoni hubonyea mbwa anapovuta hewa, iliyo kifuani hubonyea anapoitoa. Picha moja iliyopigwa wakati usiofaa inaweza kuonyesha bomba zuri kabisa. Omba zipigwe zaidi ya moja, na shingo iwemo. Kamera ya kuingizwa kooni huona vizuri zaidi, ila inahitaji dawa ya usingizi, na kumlaza mbwa mwenye njia finyu ya hewa ni uamuzi mzito.

Kipimo ambacho ningependa kila mwenye mbwa mdogo akijue hakigharimu chochote. Akiwa amelala fofofo, hatweti wala haoti, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Chini ya 30 kwa dakika ni kawaida. Ikizidi hapo usiku kwa usiku, hasa kwa mbwa mwenye mvumo wa moyo, nipigie simu hata kama anakula vizuri. Daftari la namna hiyo hunisaidia kuliko maelezo marefu.

Angalia fizi pia. Zikiwa nyeupe na mbwa anahema haraka bila kukohoa, nachukua damu nitazame kwenye hadubini, kwa sababu homa za kupe humaliza damu na mwili ukabaki kuhangaikia oksijeni. Usiniambie kwamba mbwa wa ndani hana kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa huzaliana hata kwenye nyufa za ukuta wa sebule.

Na hili nalisema kwa msisitizo: mbwa anayeonekana kakwama mfupa, anadondosha mate, sauti imebadilika na hawezi kumeza, usimtie mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo hivyo. Mfungie mahali salama, piga simu, na kama amemuuma mtu au mate yake yamegusa kidonda, kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ulimi ukigeuka buluu au kijivu, au mbwa amenyoosha shingo, ametanua viwiko na hataki kulala chini, usisubiri asubuhi. Usimpe dawa ya kikohozi ya watoto wala vidonge vya maumivu vya binadamu, na usimmiminie maji mdomoni. Usimkumbatie kifuani. Mweke kwenye kikapu akae anavyotaka mwenyewe, fungua madirisha ya gari, na umpigie daktari ungali njiani ili oksijeni iwe tayari mnapofika. Video nitaiangalia baadaye, yeye akishatulia.