Nobber: kijiji kilichomeza N

Ukiingia Nobber, kijiji kidogo cha kaunti ya Meath nchini Ayalandi, kibao cha barabarani kina majina mawili. Juu kuna An Obair kwa herufi za mlazo, chini NOBBER kwa herufi kubwa. Sisi tunaochimba asili za majina ya mahali huanza na hilo la juu, maana la chini ni sauti tu, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na sikio la Kiingereza. Wengi hukijua kijiji hiki kwa ajili ya Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyezaliwa jirani mwaka 1670. Huyo tumwache kwa leo.

Obair kwa Kiayalandi ni kazi. Kazi ipi? Mwaka 1172 mfalme Henry II wa Uingereza alimpa Hugh de Lacy nchi yote ya Meath, naye akawamegea watu wake. Sehemu ya Morgallion, ambamo Nobber imo, alipewa Gilbert de Angulo. Wanormani hao, wababe wa Uingereza wenye asili ya Ufaransa, walipofika mahali walianza na udongo: wanarundika kilima, wanakisawazisha kileleni, kisha wanasimamisha mnara wa mbao juu yake. Kilima cha Nobber kipo hadi leo. Wenyeji (sidhani kama waliishia kutazama tu, udongo ule lazima kuna waliobebeshwa) wakapaita "ile kazi".

Sasa hiyo N imetoka wapi? An ya Kiayalandi inafanya kazi ya al ya Kiarabu: hutangulia jina la kitu kinachojulikana, kama "ile" katika "ile kazi". Kwenye maandishi inasimama peke yake, lakini mtu akizungumza haraka a yake hufifia, na n inarukia irabu inayofuata: 'n obair. Karani asiyeijua lugha atajuaje neno linaanzia wapi? Nasi Waswahili tunasema Alhamisi, alasiri na alfajiri bila kuhisi kwamba al imo humo ndani. Tofauti ni kwamba sisi tuliibeba nzima, Nobber ilibakiwa na konsonanti moja.

Wenzake wapo. Nenagh ya Tipperary ni aonach, yaani gulio. Naul, kaskazini mwa Dublin, ni aill, genge la mawe. Ila usiishuku kila N: Naas ya Kildare ni Nás tangu asili, hakuna kilichoongezwa.

Kinachonifurahisha zaidi ni kosa la upande wa pili. Makao mapya ya watawa yaliitwa Nuachabháil, na n hapo ni ya "nua", mpya. Huko Clare jina limebaki Noughaval. Huko Laois watu waliidhani ile n ni ya an, wakaitoa, na leo mahali pale panaitwa Oughaval.