Kuunganisha Laini za Intaneti za Ofisi: Maana Yake na Mipaka Yake

Kuunganisha laini za intaneti ni kuiwezesha ofisi kutumia njia mbili au zaidi za kufikia intaneti kupitia ruta moja yenye uwezo wa kuzisimamia zote. Ofisi ya Ngamiani jijini Tanga, kwa mfano, inaweza kuwa na faiba inayoingia kwa waya na laini ya 4G iliyowekwa ndani ya ruta, kila moja ikitoka kwa mtoa huduma wake. Jina hilo moja hubeba huduma tatu tofauti, na wauzaji wa vifaa huzichanganya mara nyingi mno, hata mteja akalipia asichokihitaji au akatarajia asichokinunua.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni laini ya akiba: kazi yote hupita kwenye faiba, nayo 4G husubiri, na faiba ikikatika ruta huhamishia kazi kwenye 4G. Uhamaji huo hubadilisha anwani ya IP ya ofisi, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti, kwa hiyo simu ya video iliyokuwa ikiendelea hukatika na mtumiaji hulazimika kuipiga upya. Kwa duka au famasi inayohitaji tu mashine ya EFD ya kutolea risiti iendelee kutuma taarifa za mauzo, hiyo inatosha kabisa.

Huduma ya pili ni kugawanya mzigo, na hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo. Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga yenye faiba ya megabiti 20 kwa sekunde na 4G ya megabiti 10. Karani mmoja akipakua faili moja kubwa, hatapata megabiti 30, ijapokuwa laini zote mbili ziko hewani. Sababu ni kwamba mawasiliano kati ya kompyuta yake na seva ya mbali hutambulishwa kwa anwani za IP na namba za milango (namba zinazotofautisha programu ndani ya kompyuta) za pande zote mbili. Kila mtoa huduma hutoa anwani yake, na seva haiwezi kuamini kwamba pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazotoka kwenye anwani mbili ni za mtu yuleyule. Ruta kwa hiyo huyapeleka mawasiliano hayo yote kwenye laini moja. Faida huonekana makarani wanapokuwa wengi: mmoja anajaza nyaraka kwenye mfumo wa forodha, mwingine anatuma picha za makontena, wa tatu yuko kwenye kikao cha mtandaoni, na ruta inawagawa kwenye laini zote mbili bila mmoja kumbana mwenzake.

Ugawaji huo una kero yake. Tovuti ya benki ikiona ombi la kwanza limetoka kwenye anwani moja na la pili kwenye nyingine, inaweza kudhani akaunti imeingiliwa na kumtoa mteja nje. Fundi anayeijua kazi yake huiwekea ruta kanuni kwamba mawasiliano ya mtumiaji mmoja na tovuti moja yabaki kwenye laini ileile.

Huduma ya tatu ndiyo muunganisho kamili. Ruta huzigawa pakiti za mawasiliano mamoja kwenye laini zote na kuzipitisha ndani ya VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, hadi kwenye seva iliyoko katika kituo cha data, nayo seva hiyo huzipanga upya kwa mfuatano wake na kuzituma zinakokwenda kwa anwani moja tu. Hapo karani wetu anaweza kuikaribia megabiti 30 kwa faili moja, na laini moja ikikatika katikati ya kikao, kikao kinaweza kuendelea. Gharama yake ni ada ya seva, sehemu ya kasi inayoliwa na ufungaji wa pakiti, na umbali: seva ikiwa Ulaya, ombi linalotoka Tanga kwenda mfumo ulioko Dar es Salaam litazunguka Ulaya kwanza. Laini zenye ucheleweshaji unaotofautiana sana pia haziungani vizuri, kwa kuwa pakiti zilizowahi hulazimika kuzisubiri zilizochelewa. Ndiyo maana faiba na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambayo huchukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, ni mchanganyiko mbaya.

Kwa maoni yangu, kasi si sababu kubwa ya kununua laini ya pili. Sababu kubwa ni uhakika. Laini inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda hukosekana saa 7 na dakika 12 katika mwezi wa siku 30. Laini mbili za namna hiyo, zikiwa hazitegemeani kwa lolote, hukosekana kwa pamoja kwa takriban dakika 4 tu. Hesabu hiyo huporomoka pale zinapotegemeana, na mara nyingi hutegemeana bila mteja kujua: kampuni mbili zinaweza kukodi mkongo uleule, au kufunga mitambo yao kwenye mnara mmoja wenye betri zilezile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ikazorota nchini Tanzania. Siku kama hiyo, kuwa na watoa huduma wawili hakumhakikishii mtu chochote ikiwa wote wanategemea nyaya hizo. Muulize kila mtoa huduma njia yake inapita wapi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, na mnara unaokuhudumia ni wa nani. Ruta na kifaa cha faiba navyo viwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, maana umeme ukikatika laini zote mbili hulala pamoja.

Bando la 4G linahitaji ulinzi pia. Ruta iruhusu mfumo wa forodha, barua pepe na malipo pekee wakati wa akiba, la sivyo masasisho ya kompyuta yatalimaliza kabla ya adhuhuri.

Kabla ya kumlipa fundi, jaribuni mbele yake wakati wa kazi. Kuchomoa waya wa faiba kwenye ruta hakutoshi, kwa sababu mkongo ukikatwa njiani kuelekea Segera, waya wa ofisini hubaki mahali pake na taa ya ruta huendelea kuwaka. Ruta inapaswa kuwa inaulizia kila baada ya sekunde chache seva mbili au tatu zilizo nje kabisa ya mtoa huduma, na kuhama zote zinaponyamaza. Mwambie fundi aache waya huo ulipo, achomoe ule unaoleta faiba kutoka nje kwenye kifaa chake, kisha mtazame saa hadi ukurasa wa forodha ufunguke tena.