Barabara ya Mikumi ilitangulia hifadhi, na hilo lina maana kubwa

Kila tukienda mashuleni kutoa elimu ya uhifadhi swali halikosi, tena wanaouliza mara nyingi ni walimu wenyewe: hivi kwa nini serikali ilipitisha lami katikati ya wanyama pale Mikumi? Na mimi jibu langu huwa ni hili, mambo yalienda kinyume na mnavyodhani. Barabara ndo ilitangulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilikua inajenga barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ikapita kwenye mbuga ya Mkata, sehemu iliyokua na watu wachache na wanyama kibao. Njia ilipofunguka tu wawindaji nao wakafika kirahisi, wanyama wakaanza kupigwa hovyo, na hapo ndo ikaonekana eneo lazima lilindwe. Hifadhi ya Taifa Mikumi ikatangazwa 1964, huku barabara ishakaa katikati.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka tena. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakajitangazia uhuru wao, na Zambia iliyokua inapitishia mizigo yake huko ikabaki haina njia ya uhakika ya kutoa shaba yake na kuingiza mafuta, kwahiyo malori yakaelekezwa Dar es Salaam kupitia barabara hiyohiyo ya vumbi, masika ikiwa tope tupu, mpaka madereva wakawa wanaiita njia ya jehanamu. Lami ikabidi iwekwe, hela ikatoka Marekani na Benki ya Dunia pamoja na serikali zenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANZAM, yaani barabara ya Tanzania na Zambia, ikawa barabara kweli. Mimi siwalaumu waliofanya hivyo, jirani yako amebanwa koo huwezi kumwambia asubiri tuhesabu swala kwanza. Ila hesabu ilikuja baadae, na bado tunailipa.

Hapa watu wengi hawaelewi kitu kimoja. Lami haiui kwa spidi peke yake, kuna namna inavyowaita wanyama. Mvua ikinyesha maji yote yanateleza kwenda pembeni, kwahiyo nyasi za kando ya barabara zinabaki kijani hata kiangazi kikiwa kimekolea, na swala anafuata majani. Usiku lami inakua bado na joto la mchana, nyoka wanakuja kujilaza hapo. Halafu kuna sisi abiria, ganda la ndizi, mfupa wa kuku, mahindi, tunarusha dirishani basi likiwa linatembea na nyani washajua, wanakaa pale pale kusubiri, mama kabeba mtoto tumboni, na basi la nyuma linakuja. Matuta yamewekwa, vibao vya spidi vipo, faini za kugonga mnyama zipo, na vinasaidia kweli, lakini ni kilomita kama 50 ndani ya hifadhi na malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana.

Sasa linganisha na Serengeti, kule hifadhi ilitangulia, tangu 1951. Mwaka 2010 ulipokuja mpango wa barabara kuu kukatiza upande wa kaskazini, kipande cha ndani ya hifadhi kama kilomita 53, kwenye njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka, bado kulikua na nafasi ya kubishana. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki hapo Arusha, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kupita pale. Niseme wazi kwamba watu wa Loliondo na Mugumu, mashariki na magharibi ya hifadhi, wana haki ya kupata barabara, mama mjamzito anayepelekwa hospitali kwenye mashimo hana muda wa hoja zetu za nyumbu, na ndo maana binafsi nilifurahi kuona lami ikijengwa huko nje ya hifadhi upande wa Loliondo, Wasso hadi Sale, kwa sababu hapo inamfikia mtu mlangoni kwake.

Na ukiingia Serengeti leo kwa lango la Naabi kwenda Seronera utakuta ni changarawe, gari inatetemeka mpaka meno yanagongana, vumbi mpaka kwenye nywele, na dereva anapunguza mwendo kwa sababu pundamilia wamesimama katikati ya njia na hawana haraka.